Mpiga debe na dalali: tangazo lipi huuza kwenye afilieti?

Oktoba 1994, tovuti ya HotWired ilipoanza, kurasa zake zilibeba vibango vyembamba vya pikseli 468 kwa 60. Kimoja, kilicholipiwa na AT&T, kilimuuliza msomaji kama amewahi kubofya mahali pale. Hesabu inayorudiwa hadi leo ni kwamba kati ya kila watu 100 waliokiona, 44 walibofya. Siku hizi bango likipata mbofyo mmoja kwa watu 100, lina bahati.

Pamoja na hayo, anayeanza biashara ya afilieti, ile ya kuuza bidhaa ya mwingine kwa kamisheni, karibu kila mara huanza na bango. Simlaumu. Akishakubaliwa kwenye programu ya afilieti (mpango wa mwenye bidhaa wa kulipa kamisheni), kitu cha kwanza anachokuta ni ghala la mabango: ya mlalo, ya wima, ya mraba, yote yamekwisha kutengenezwa na msimbo uko tayari kunakiliwa. Anabandika matatu, anasubiri. Wiki zinapita, ripoti inaonyesha yameonekana mara maelfu, mauzo sifuri. Upande wa mwenye bidhaa hakuna kilichoharibika: jina lake limepita mbele ya macho ya watu wote hao, na kwa kuwa hakuna aliyenunua, hajalipa hata senti. Aliyetoa ukuta ndiye aliyetangaza bure.

Mkanganyiko, kwa maoni yangu, unaanzia hapo. Bango lilizaliwa kwenye biashara inayolipa kwa kuonekana: ukilionyesha mara 1,000 unalipwa, watu wanunue wasinunue. Afilieti hailipi hivyo. Tangu Amazon ilipofungua programu yake ya washirika mwaka 1996, utaratibu uliotawala ni kamisheni baada ya mauzo. Mpiga debe akishapaza sauti, kazi yake imefanyika. Dalali anaweza kushinda kutwa akizungumza, na mali isipouzwa anarudi nyumbani mikono mitupu. Kwa hiyo kuuliza tangazo gani linavutia macho ni kuuliza swali la mpiga debe. Dalali hujiuliza mteja amefika wapi katika kuamua, na neno gani limebaki kumwambia.

Mfano: mtu anatafuta hedfoni. Anavaa miwani, na hedfoni alizonazo zinamuuma baada ya saa moja kwa sababu zinagandamiza mikono ya miwani kichwani. Amefika kwenye makala yako. Juu kabisa kuna bango la pikseli 728 kwa 90, linang'aa, limeandikwa "Nunua sasa". Halioni, kidole kimeshateremsha ukurasa. Kwenye aya ya nne anakutana na sentensi hii: "Kwa mwenye miwani, hizi zina mito laini inayoacha nafasi pembeni mwa sikio", na maneno "mito laini inayoacha nafasi" ni kiungo. Anakibofya bila hata kufikiri kwamba kuna tangazo, maana alichokutana nacho ni jibu.

Tuweke namba za kubuni ili tofauti ionekane. Ukurasa umefunguliwa mara 10,000. Dirisha ibukizi, lile linalochomoza ghafla juu ya ukurasa, limeleta mibofyo 400, na katika kila 200 mmoja amenunua: mauzo 2. Kiungo cha ndani ya sentensi kimeleta mibofyo 150 tu, lakini katika kila 25 mmoja amenunua: mauzo 6. Anayesoma safu ya mibofyo atalipenda dirisha. Anayesoma safu ya mauzo atalizima.

Lakini watetezi wa bango wana hoja, na si ndogo. Si kila ukurasa una sentensi ya kutundikia kiungo. Ukurasa wa kikokotoo cha mkopo, wa kupakua faili, wa kubadili sarafu: watu huja, hufanya jambo moja, huondoka. Hapo bango la pikseli 300 kwa 250, likikaa karibu na jibu lenyewe, linapata nafasi ambayo maandishi hayana. Vilevile kuna mteja aliyekwisha kuamua. Bidhaa anaijua kwa jina, anangoja bei ishuke. Huyo hana haja ya kushawishiwa kwa aya tatu. Picha, punguzo na tarehe ya mwisho vinamtosha. Bango linaloshindwa ni lile la jumla, lenye nembo tu, lililobandikwa kichwani mwa kila ukurasa kwa sababu nafasi ilikuwapo.

Na hata kiungo kizuri kinaweza kuponzwa na mapambo. Mwaka 1998 watafiti Jan Panero Benway na David Lane walionyesha kwamba watu wanaotafuta taarifa huruka viungo vikubwa vyenye rangi, hata pale vinapobeba taarifa ileile wanayoitafuta. Hali hiyo ndiyo inayoitwa upofu wa mabango. Kwa hiyo kitufe chako kikubwa cha rangi ya chungwa, ulichokihangaikia jioni nzima, kikifanana na tangazo jicho litakikwepa.

Dirisha ibukizi lina historia yake ya aibu. Ethan Zuckerman, aliyeandika msimbo wake akiwa Tripod, kampuni iliyohifadhi kurasa za watu mtandaoni, miaka ya 1990, aliomba radhi hadharani mwaka 2014. Kinachoudhi ni kwamba linafanya kazi. Lisingefanya kazi lingekufa zamani. Gharama yake huja kwa mlango wa nyuma. Januari 2017 Google ilianza kushusha kwenye matokeo ya utafutaji kurasa za simu ambazo dirisha linafunika kile mtu alichokifuata, na Februari 2018 kivinjari cha Chrome kikaanza kuzuia matangazo kwenye tovuti zinazokiuka viwango vya Coalition for Better Ads, muungano wa kampuni unaopanga matangazo yapi yanakera. Dirisha linalomrushia mgeni kiungo cha afilieti kabla hajasoma mstari mmoja silitetei. Linaloomba barua pepe mtu anapokaribia kuondoka naweza kulivumilia (kwenye kurasa zangu nimelizima na kuliwasha mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri), kwa sababu bidhaa ghali hainunuliwi siku ya kwanza na kuki nyingine (alama ndogo inayobaki kwenye kivinjari cha mteja ili mauzo yahesabiwe kuwa yako) hazingoji. Ya Amazon hudumu saa 24, isipokuwa mteja awe ameshaiweka bidhaa kwenye kikapu. Msomaji aliye kwenye orodha yako unaweza kumrudisha kwenye makala wiki ijayo. Mrudishe kwenye makala, nasema, kwani zipo programu zinazokataza viungo vyao kuwekwa ndani ya barua pepe yenyewe. Na idadi ya "waliofungua" usiitegemee sana: tangu 2021 programu ya barua pepe ya Apple inaweza kupakia picha za barua hata kama mwenyewe hajaigusa.

Jedwali la ulinganisho ni zuri sana kwa mtu aliyebakiwa na bidhaa mbili mkononi, ila lina kishawishi cha kupanga safu kwa ukubwa wa kamisheni, na bei zilizoandikwa humo huchacha haraka. Video inaonyesha bidhaa ikitumika, jambo ambalo maandishi hayawezi, lakini kiungo chake hukaa chini kwenye maelezo ambako wachache hufika. Hapo msimbo wa punguzo unaotamkwa kwa mdomo unasaidia. Mtu anaukumbuka, na mauzo yanahesabika hata pasipo kuki, jambo lenye uzito tangu Safari, kivinjari cha Apple, ilipofunga kabisa kuki za watu wa tatu (zinazowekwa na tovuti nyingine, si ile iliyofunguliwa) Machi 2020. Ubaya wake ni kwamba huvuja. Ukishafika kwenye tovuti za kuponi, mwenye bidhaa anaanza kuuliza hawa wateja ni wa nani.

Sasa kuna jambo ambalo sisi wapenda viungo vya maandishi hatupendi kulizungumza. Bango, pamoja na kelele zake zote, halimfichi mtu kitu: kila anayeliona anajua ni tangazo. Kiungo ndani ya sentensi huja kimevaa nguo za ushauri. Nguvu yake inatokana na msomaji kudhani kwamba mwandishi hana maslahi, ilhali pale ndipo maslahi yake yalipo. Kwa kipimo cha uaminifu, bango linashinda, na hoja hiyo haijibiwi kwa takwimu za mauzo. FTC, tume ya biashara ya Marekani, inataka uhusiano huo wa fedha uelezwe waziwazi mahali ambapo msomaji ataona, usizikwe chini ya ukurasa. Google nayo tangu Septemba 2019 ina alama maalumu ya viungo vya kulipiwa, rel="sponsored". Mstari mmoja mwanzoni mwa makala unatosha. Wapo wanaohofia kwamba mstari huo utawafukuza wateja. Sijaona mauzo yakifa kwa ajili yake. Nimepokea barua ya msomaji mwenye hasira aliyegundua mwenyewe.

Kitu ambacho wengi hawakitumii ni alama ya utambulisho ambayo programu nyingi huruhusu iongezwe mwishoni mwa kiungo. Bila hiyo unabaki na jumla ya mwezi isiyokwambia kama mauzo yalitoka kwenye jedwali, kwenye aya ya nne au kwenye bango la pembeni. Kila mahali pape alama yake, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na uwe mvumilivu: mauzo matatu dhidi ya matano hayajathibitisha lolote. Na usiyaandike kabisa kwenye daftari kabla muda wa kurudisha bidhaa haujapita. Yule mwenye miwani akikuta mito bado inambana, hedfoni zitarudi dukani, na kamisheni yako itarudi nazo.