Mahindi Juu ya Njia ya Umma

Ramani ilisema njia ipo. Na si ramani ya kuokota, ni ya IGN, taasisi ya ramani ya serikali ya Ufaransa: mstari mwembamba unaotokea nyuma ya kanisa, unakatiza mashamba mawili na kushukia kijitoni. Tulipofika tukakuta mahindi, marefu kunizidi mimi nikiwa juu ya baiskeli, yamepandwa toka ua huu hadi ua ule.

Mahindi hayakunikera. Walionikera ni waendesha baiskeli wenzangu. Mmoja akachungulia simu, mwingine akatafuna kipande chake cha shayiri cha euro tatu, wakakubaliana tuzunguke kwa lami, "si mbali". Tukazunguka. Jioni nikaona picha mtandaoni: jua, majani, baiskeli imeegemezwa kwenye msalaba wa mawe, na maneno kwamba huku Creuse, mkoa wa katikati ya Ufaransa, hakuna magari, ni paradiso. Paradiso! Mchana huohuo tulishuhudia kipande cha paradiso hiyo kimelimwa, na hakuna aliyejisumbua hata kupiga picha.

Najua nyumbani mnanicheka, kwamba kuendesha baiskeli kwenye njia za vumbi nimekufanya mchezo. Mjomba wangu kule Kilosa anaendesha kwenye changarawe kila siku, gunia la mkaa nyuma, juu ya Phoenix iliyonizidi umri, na hajawahi kuambiwa kuwa huo ni mchezo wenye viatu vyake maalumu. Haya, mmecheka. Tuendelee.

Kwanza, magari huku hayapo kwa sababu watu hawapo. Mwaka 1851 mkoa wa Creuse ulikuwa na watu zaidi ya 280,000. Leo hawafiki 120,000. Waashi wake walitembea kwa miguu hadi Paris kuijenga, na wengi mwishowe wakahamia hukohuko. Vita ya 1914 ikachukua vijana. Pale Gentioux kuna mnara wa kumbukumbu wenye sanamu ya mtoto yatima, kofia mkono mmoja, ngumi mkono wa pili, na maandishi "Maudite soit la guerre", vita na ilaaniwe. Waendesha baiskeli husimama hapo kula ndizi. Duka la kijiji limefungwa, mikate inatoka kwenye mashine, na maji tunakinga bombani makaburini (someni kibao kwanza, mengine si ya kunywa). Kwa hiyo ukisifu kimya cha Creuse, jua unasifu nini.

Lakini watu kuondoka hakukuachii njia. Kunakuachia vichaka. Njia inabaki kwa sababu ina mwenyewe, na mwenyewe ni serikali ya kijiji. Hizi zinazoitwa chemins ruraux ni mali ya kijiji, zimewekwa kwa matumizi ya kila mtu: wewe, mimi, bibi na mbwa wake. Tatizo ni kwamba kisheria zinahesabiwa kama mali binafsi ya kijiji, si kama barabara za umma zisizogusika. Tofauti hiyo inasikika kama porojo za mawakili, kumbe ndiyo inayoua njia. Barabara ya umma haipotei kwa kukaliwa. Chemin rural inapotea. Mtu akiilima na kuikalia waziwazi miaka 30 bila kupingwa, anaweza kwenda mahakamani akatoka nayo. Hayo ni mosi. Pili, baraza la kijiji linaruhusiwa kuiuza njia ambayo umma umeacha kuitumia, baada ya kukusanya maoni ya wananchi.

Umma umeacha kuitumia. Mnaona mtego ulivyotegwa? Mkulima anaziba. Kundi la watu wenye baiskeli za euro elfu tatu linafika, linatazama simu, linazunguka kwa lami. Wiki ijayo kundi jingine hivyohivyo. Programu za ramani, ambazo hujifunza njia kutokana na nyayo zetu, zinaanza kuwapeleka wote kwenye lami. Miaka inapita, baraza linakaa, mtu anauliza: hivi hii njia kuna anayeipita? Kimya. Na kesho yake ni sisi tunaolalamika kwamba Ufaransa imekuwa kama kwingine, magari kila mahali! Tulikuwepo. Tuliona. Tulisema "si mbali".

Na mlango mwingine nao unafungwa. Tangu sheria ya Februari 2023, kuingia kwenye msitu au shamba la mtu lililowekwa alama kwamba ni mali binafsi ni kosa la faini, euro 135. Zile njia za msituni tulizozoea kupita kwa hisani ya mwenye msitu zinaweza kufungwa kwa kibao kimoja. Kitakachobaki ni njia za vijiji, hizohizo tunazoziacha zigeuzwe mahindi.

Haya, wakulima. Niseme na lao, ingawa leo sina hamu. Baada ya vita ya pili ni serikali yenyewe iliyowahimiza kuunganisha vishamba vyao, na ua na njia vikasombwa humohumo. Trekta la leo halipiti palipokuwa panapita ng'ombe wawili na mkokoteni. Na wengi huku ni wafugaji wa ng'ombe wekundu wa Limousin, watu wanaofunga njia kwa uzi wa umeme wenye mpini ili uufungue, upite, urudishie. Hao nawaheshimu. Mwendesha baiskeli asiyerudishia uzi ningemcharaza mimi mwenyewe.

Mtaniambia: si kuna voies vertes, zile reli za zamani zilizogeuzwa njia za baiskeli? Zipo, na ile ya Burgundy, Givry hadi Cluny, iliyofunguliwa 1997, ni tamu kweli. Ila reli iliyokufa inakupeleka ilikokuwa ikienda treni tu. Na wanaozimwagia lami wanipe sababu moja ya maana. Sawa, viti vya magurudumu na watoto wadogo. Nimenyamaza.

Kuhusu wawindaji: kuanzia Septemba hadi Februari ni msimu wao, nanyi waendesha baiskeli vaeni rangi ya chungwa, basi.

Turudi kwenye mahindi, maana dawa ipo na haihitaji maandamano. Kanuni zinamtaka meya aondoe haraka kizuizi chochote kwenye chemin rural. Hafanyi hisani, ni kazi yake. Sheria ya 1983 inaruhusu njia kuingizwa kwenye mpango wa mkoa wa njia za matembezi, na ikishaingia haiuzwi bila kuwekwa njia mbadala. Sheria ya Februari 2022 ikaongeza jingine: baraza likipitisha uamuzi wa kuorodhesha njia zake, ile saa ya miaka 30 inasimama kwa muda. Silaha zote hizo zimelala kabatini kwenye ofisi inayofunguliwa asubuhi mbili kwa wiki, zinasubiri mtu wa kuuliza.

Basi ulizeni. Fungueni tovuti ya ramani za serikali (cartes.gouv.fr, mrithi wa Géoportail), wekeni ramani ya viwanja juu ya ile ya IGN. Njia ya kijiji kwa kawaida haina namba; ni ukanda mtupu kati ya viwanja vyenye namba. Nakilini namba za pande zote mbili, pigeni picha ya kizuizi, andikeni tarehe, mpelekeeni meya. Msihangaike na Kifaransa cha chuoni: ukanda upi, umezibwa na nini, mliukuta hivyo lini, na ombi kwamba ufunguliwe. Mistari minne inatosha. Na kama kijiji bado hakijaorodhesha njia zake, ulizeni katika barua hiyohiyo ni kwa nini.