Kioo cha kijivu bado kina haki yake juani

Kila linapozuka suala la mita za kielektroniki zisizosomeka juani, jibu la haraka huwa moja: ongeza mwanga wa skrini. Watengenezaji wamelipokea jibu hilo kwa mikono miwili. Multimita (vile vipimo vya umeme vya mkononi), dashibodi za pikipiki, vipimo vya shambani, vyote sasa vinanadiwa kwa ung'avu na rangi, na kile kioo cha kijivu, skrini isiyo na taa yake yenye tarakimu nyeusi, kimeachiwa vifaa vya bei ya chini. Mtu akikuona nacho anadhani umekosa hela ya kununua kipya. Hoja ya mwanga ina ukweli ndani yake na nitaifikia. Ila kioo cha kijivu kimehukumiwa ndani ya nyumba, mahali ambapo kweli ni dhaifu, na watu wakasahau kukitazama nje.

Tuanze na hesabu, maana mjadala huu hupotelea hapo. Jua la mchana usio na mawingu huangusha takriban laksi 100,000 (laksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu) juu ya kitu kilichoelekezwa kwake; ofisi yenye taa za kutosha ina kama 500. Skrini nyingi za kawaida zenye taa ya nyuma hutoa niti 300 hadi 500, niti ikiwa kipimo cha ung'avu wa uso wenyewe. Chukua ya 500, na tuseme uso wake ni mzuri, unatawanya asilimia 1 tu ya mwanga unaouangukia. Asilimia 1 haimtishi mtu. Lakini asilimia 1 ya laksi 100,000, ukigawanya kwa pai (3.14), inakupa niti 318 hivi, na niti hizo hazichagui: zinajipaka penye weupe na penye weusi sawasawa. Weupe unakuwa 818, weusi 318. Skrini iliyokuwa na uwiano wa weupe kwa weusi wa 1,000 kwa 1 gizani sasa ina 2.6 kwa 1. Uso ukianza kutawanya asilimia 2 kwa sababu ya vumbi, mikwaruzo na mafuta ya vidole, uwiano unashuka hadi 1.8, na hapo ndipo unamwona mtu ameinamia kifaa huku amekunja uso.

Sasa fuata ushauri wa matangazo, ongeza ung'avu mara mbili hadi niti 1,000. Uwiano ule wa 2.6 unapanda hadi 4.1. Vizuri. Kisha rudi kwenye niti 500 zako, usiiguse taa kabisa, punguza tu mwanga unaotawanywa kutoka asilimia 1 hadi nusu yake. Uwiano unakuwa 4.1. Ni ule ule, na si bahati: jicho halijali niti ngapi zinatoka, linajali mwanga wa skrini ni mara ngapi ya mwanga unaorudishwa na uso. Kuzidisha cha kwanza mara mbili na kukata cha pili nusu ni jambo moja.

Nimeikazania hesabu hii kwa sababu ndiyo inayokaa pembeni watu wanapouziana ung'avu. Njia ya kwanza inalipiwa na betri kila dakika kifaa kinapowaka, na joto lake linabaki ndani ya kasha ambalo tayari linachomwa na jua. Njia ya pili inalipiwa mara moja kiwandani. Na kuna mengi ya kupunguzwa. Ukiacha mwanga unaotawanyika, kila mahali hewa inapokutana na kioo au plastiki, takriban asilimia 4 ya mwanga hurudi kama kwenye kioo cha kujitazamia, ukiwa na sura ya anga au ya shati lako jeupe. Dirisha la plastiki linalokinga skrini lina nyuso mbili, na skrini iliyo nyuma yake ina wa tatu. Jumla ni kama asilimia 12, na dirisha lenyewe mara nyingi ni kipande rahisi kilichoanza kuchubuka tangu wiki ya kwanza. Lawama nyingi zinazotupiwa skrini zinastahili kutupiwa kile kiplastiki. Ukigandisha dirisha na skrini bila pengo la hewa, nyuso mbili kati ya tatu karibu zinatoweka. Ukipaka utando wa kuzuia mwakisiko, uliobaki unaweza kushuka chini ya asilimia 1.

Kioo cha kijivu chenyewe hakishindani na jua hata kidogo. Ndani yake kuna fuwele kimiminika iliyobanwa kati ya vichujio viwili vya mwanga, na nyuma kabisa kuna kiakisi. Mfumo wake wa fuwele zilizosokotwa ulitoka Uswisi mwaka 1970, kwa Martin Schadt na Wolfgang Helfrich, na haujahitaji mageuzi makubwa tangu hapo. Mwanga unaingia kutoka nje, unafika kwenye kiakisi, unarudi. Penye kipande cha tarakimu kilichopewa umeme, unazuiwa. Jua likizidi mara kumi, ukijivu unang'aa mara kumi na weusi nao unapanda mara kumi, kwa hiyo uwiano haubanduki. Ni kama gazeti: hakuna aliyewahi kulalamika kwamba jua limefuta maandishi yake. Umeme unaotumika ni mdogo mno, wa kuhesabiwa kwa mikrowati, ndiyo maana multimita ya aina hii hukaa mamia ya saa kwa betri moja.

Sasa tuangalie gharama ya kutosoma vizuri. Fundi wa sola yuko juu ya paa na anataka kupima mnyororo wa paneli. Mifumo ya siku hizi hufika volti 1,000 za umeme wa moja kwa moja, mingine 1,500. Mkono wa kulia umeshika ncha nyekundu, wa kushoto umeshika nyeusi, multimita imelazwa juu ya fremu ya alumini inayowaka moto. Skrini haisomeki. Kila mwenye kifaa kama hicho anajua dawa yake: unakitia kivuli kwa kiganja. Kiganja kipi? Hana wa tatu. Basi anapinda kiwiliwili ili kichwa kizuie jua, au anakusanya ncha zote mbili kwenye mkono mmoja, jambo la hatari kwenye volti hizo.

Na kinachopotea kwanza juani si tarakimu kubwa. Zile nne zina urefu wa sentimita moja au zaidi, zitaonekana kwa shida lakini zitaonekana. Kinachopotea ni nukta ya desimali. Kinachopotea ni alama ya kutoa, ambayo ndiyo habari nzima pale unapotaka kujua kama mtu aliyefunga waya kabla yako alibadilisha chanya na hasi. Kinachopotea ni ile herufi ndogo ya m pembeni mwa V, inayotenganisha volti na milivolti, na multimita inayojichagulia kiwango yenyewe inaweza kuruka kutoka moja hadi nyingine bila kukuaga. Anayeona 412 bila kuona m anaamini ana volti 412 mbele yake. Kosa hilo lina afadhali, kwa sababu litamfanya aogope bure. La kuogofya ni kinyume chake: kuona m pasipo na m, kwa sababu alama zimechanganyika na mng'ao, kisha kuamini kwamba waya umekufa. Kitufe cha kushikilia kipimo husaidia, kwani unaweza kupima kwanza na kusoma baadaye kivulini. Kutuma vipimo kwenye simu kwa mawimbi ni wazo zuri pia, hadi unapokumbuka kwamba simu nayo iko juani.

Upande wa pili una hoja nzito. Kioo cha kijivu ni kijivu kwa sababu kichujio cha mbele peke yake hula zaidi ya nusu ya mwanga. Ndani ya kabati la swichi, chini ya gari, jioni, kinakuwa kipande cha giza. Mafundi wengi hutumia muda mrefu zaidi humo kuliko juu ya paa, nao wana haki ya kifaa kinachosomeka humo. Isitoshe, kuna mambo ambayo tarakimu nne haziwezi kusema. Umbo la wimbi, mwenendo wa volti kwa saa nzima, menyu ya lugha kadhaa, hayo yanataka skrini ya nukta nyingi, na rangi hurahisisha kutenganisha mistari miwili inayopishana. Skrini za niti 1,000 na kuendelea zinasomeka nje, hilo si propaganda. Mamilioni ya watu wanasoma simu zao barabarani mchana. Skrini za OLED, ambazo kila nukta yake huwaka yenyewe na elektrodi zake za chuma zingeakisi vibaya, huvikwa kichujio cha mwanga wa mviringo: mwanga unaingia ukiwa umezungushwa upande mmoja, unagonga chuma, unarudi umezungushwa upande wa pili, na kichujio hakiuruhusu kutoka. Ni ufundi wa hali ya juu, na ona kwamba unafanya kazi kwa kuua mwakisiko.

Hata zile tarakimu nyekundu za LED (vitaa vidogo vya kielektroniki) kwenye paneli za mashine zilishajua siri hii. Weka mbele yake kichujio kinachopitisha asilimia 30 ya mwanga. Inaonekana kama ujinga, unapunguza mwanga wako mwenyewe. Lakini mwanga wa LED unapita mara moja tu, wa jua unapita mara mbili, kuingia na kutoka, kwa hiyo unabaki asilimia 9. Kichujio kikiwa chekundu, ndiyo bora zaidi, kwa sababu wekundu wa LED unapita karibu wote na rangi nyingine za jua zinakwama. Skrini imefifia na inasomeka vizuri zaidi.

Udhaifu wa hoja ya ung'avu unajitokeza kwenye joto. Simu nyingi zikichemka hujipunguzia ung'avu zenyewe ili zisiharibike, na hufanya hivyo juani, saa ile ile ulipouhitaji. Kwa haki niseme kwamba kioo cha kijivu nacho hakipendi kuokwa. Fuwele kimiminika ina joto ambalo likipitwa inapoteza mpangilio wake na skrini inageuka doa jeusi, na ukiiacha kwenye dashibodi ya gari lililofungwa utaliona. Ikipoa kwa kawaida hurejea. Vichujio vyake huchakazwa na miale ya urujuanimno kwa miaka. Na mwenye miwani ya jua yenye kichujio anaweza kukuta kioo kimekuwa cheusi tii kwa pembe fulani. Akigeuza kichwa, tarakimu zinarudi.

Kuna njia ya katikati, skrini zinazopitisha mwanga wa nyuma na kuakisi wa mbele kwa pamoja. Zinasomeka juani taa ikiwa imezimwa na gizani ikiwa imewashwa. Hazifikii kioo cha kijivu halisi juani wala skrini ya rangi gizani, lakini kwa kifaa kinachotoka na kuingia ndizo ningezichagua bila kusita sana. Karatasi ya kielektroniki inaakisi takriban asilimia 40 na haitumii umeme isipobadilika, ila inabadilika polepole. Inafaa mita ya maji, haifai multimita. Mtindo nisioutetea popote ni ule wa tarakimu nyeupe juu ya weusi kwenye kifaa cha nje. Unapendeza kwenye picha ya tangazo, na juani weusi wote ule unageuka uwanja wa kuonyesha mawingu.

Mita iliyofungwa ukutani ni kesi tofauti, kwa sababu huwezi kuiinamisha kukwepa mng'ao. Hapo kikofia cha sentimita chache juu ya dirisha hufanya kazi ambayo niti 500 za ziada zisingeifanya. Na kabla ya kulilaumu jua, linganisha kimo cha jicho lako na cha mita. Vioo vya kijivu hutengenezwa vikiwa na upande vinaopendelea kutazamwa: vingine vinasomeka vizuri ukiwa chini yake, vingine ukiwa juu yake. Mita ya kutazamwa kutoka chini ikifungwa usawa wa kiuno, tarakimu zitafifia hata siku ya mawingu. Chuchumaa mbele yake uone. Zikikolea, ung'avu haukuwa tatizo, na fundi anaweza kuipandisha mita hiyo juu ya usawa wa macho bila kubadilisha chochote ndani yake.