Ganzi ya vidole si ufunuo

Wanakera sana hawa walimu wa kiroho wanaouza kupumua kwa kasi kama mlango wa kumfikia Mungu. Mtu analazwa chali, anaambiwa avute na kutoa pumzi kwa nguvu, bila kupumzika, dakika 20 au zaidi. Muziki juu, taa zimezimwa. Midomo inaanza kuchonyota, vidole vinakufa ganzi, kisha mikono inakakamaa, vidole vimebanana na kiganja kimejikunja kwenye kifundo cha mkono. Mwalimu anamwinamia sikioni: "Hiyo ni nguvu inafunguka."

Hapana. Ukipumua hivyo unatoa kaboni dayoksaidi nyingi kuliko mwili unavyoizalisha. Ikipungua, mishipa ya damu ya ubongo inasinyaa, ndiyo maana kichwa kinakuwa chepesi na macho yanaona kiza. Damu nayo inapungukiwa na asidi, kalsiamu iliyo huru, yaani isiyoshikamana na protini za damu, inashuka, neva zinaanza kusisimka zenyewe. Ganzi na mkakamao vinatoka hapo. Rudi kupumua polepole kwa pua, baada ya dakika chache yote yanaisha. Kama Mungu yupo au hayupo ni swali kubwa, linastahili heshima. Halijibiwi kwa vidole vilivyokakamaa.

Kukaa kimya ukifuata pumzi ya kawaida kunatuliza kweli, wala hakuhitaji mtu wa kulipwa.

Kinachoudhi zaidi ni kwamba walimu hawa hawaulizi afya ya mtu. Mwenye kifafa, mgonjwa wa moyo, mjamzito, wote wanalazwa mkekani. Mtu akizimia, anaambiwa imani yake ilikuwa haba.