Mfungwa wa kisiasa kwenye filamu: shujaa bila doa?

Filamu inayomtetea mfungwa wa kisiasa hulaumiwa kutoka pande mbili. Wapo wanaosema inamtakasa mtu ambaye kundi lake lilimwaga damu, na wapo wanaodai kwamba, ikionyesha na machungu ya askari, inawaweka aliyefungwa na aliyemfunga kwenye mizani moja. Kwangu lawama ya pili ndiyo dhaifu.

Chukua "Hunger" ya Steve McQueen (2008), inayomhusu Bobby Sands, mfungwa wa IRA (kundi lenye silaha lililopigania kuiondoa Uingereza Ireland ya Kaskazini) aliyekufa mwaka 1981 baada ya kugoma kula kwa siku 66 katika gereza la Maze, Ireland ya Kaskazini. Filamu inaanza na askari magereza anayeosha ngumi zilizochubuka kwa kupiga wafungwa, na baadaye askari huyohuyo anapigwa risasi akiwa amemtembelea mama yake mzee. Kifo chake hakipunguzi hata chembe ya ukatili wa gereza lile. Kinachobadilika ni kwamba mtazamaji hawezi tena kudhani mapambano yale hayakuwa na gharama kwa wengine. "Sarafina!" (1992) nayo, ambayo wengi wetu tunaikumbuka kwa nyimbo, ina tukio ambalo ni nadra kutajwa: wanafunzi wa Soweto wanamchoma moto polisi Mwafrika mwenzao, na Sarafina anabaki na mzigo huo moyoni hata baada ya kuteswa kizuizini.

Mtunzi wa Bagamoyo atakayetaka kumweka kwenye filamu Abushiri bin Salim, aliyenyongwa na Wajerumani huko Pangani Desemba 1889, hatakosa mandhari, kwani Ngome Kongwe ya Bagamoyo, iliyowahi kuwa gereza, bado imesimama. Ugumu uko kwingine. Abushiri aliipigania pwani isitwaliwe, lakini alikuwa pia na shamba la miwa na watumwa wa kulilima, na wapiganaji wa upande wake waliwaua wamisionari huko Pugu Januari 1889. Watakaopinga kuyaonyesha hayo watasema, na si bure, kwamba Wajerumani waliyatumia kuhalalisha uvamizi wao, hivyo kuyarudia ni kumsaidia mkoloni. Mimi ningeyaweka, tena mapema, kabla ya kitanzi. Mtunzi akiyaficha, mtazamaji anayeijua historia atayakumbuka palepale alipoketi, na kuanzia hapo hatamwamini hata kwa yale yaliyo kweli kuhusu Wajerumani.