Walima Zabibu wasihukumiwe kwa mechi nne

Tangu msimu wa 2024/25 umalizike, mashabiki wengi wa Dodoma wana lawama moja: wenzetu wa Singida wanasonga, sisi tupo palepale. Ukitazama msimamo peke yake, lawama hiyo ina pa kushika. Singida Black Stars walimaliza nafasi ya nne kwa pointi 57, wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho na kulala 2-0 mbele ya Yanga kule Zanzibar, kisha Septemba 2025 wakabeba Kombe la Kagame kwa kuifunga Al Hilal ya Omdurman 2-1. Dodoma Jiji, ndio hao Walima Zabibu, walichofanya ni kubaki Ligi Kuu.

Kubaki huko ndiko kunakodharauliwa, na ndiko kunakostahili kutazamwa vizuri. Mwaka 2020 zilipanda timu tatu: Dodoma Jiji, Gwambina na Ihefu. Gwambina na Ihefu zilishuka msimu uleule wa kwanza. Tangu hapo tumeona Biashara United, Ruvu Shooting, Polisi Tanzania, Mbeya City, Geita Gold na Kagera Sugar zikishuka, na hata Mtibwa Sugar, mabingwa wa 1999 na 2000, hawakupona mwaka 2024. Hadi mwisho wa 2024/25 Dodoma Jiji ilikuwa imecheza misimu mitano mfululizo bila kugusa hata mara moja mechi za mchujo wa kuepuka kushuka. Timu ya halmashauri, isiyo na tajiri nyuma yake, imepishana na shimo hilo mara tano. Ningependa anayesema timu haina maendeleo aanze kwa kulieleza hilo kwanza.

Sasa tuje kwenye kinachowauma watu. Msimu huo Dodoma Jiji ilikutana na Simba na Yanga mara nne. Kwenye uwanja wake wa Jamhuri, Septemba 2024, ilifungwa 1-0 na Simba kwa penalti ya Ahoua. Siku ya Krismasi, hapohapo Jamhuri, Yanga wakaondoka na 4-0. Machi 14 Simba wakapiga 6-0 Dar es Salaam, na Juni Yanga wakamalizia kwa 5-0 Zanzibar. Jumla mabao 16 ya kufungwa, na la kufunga hakuna. Ni aibu, halina ubishi. Lakini ligi ina mechi 30, na hizo ni nne. Ukiitathmini timu hii kwa tofauti ya mabao, unaipima kwa mechi ambazo timu nyingi za chini hazizipangii pointi tangu mwanzo. Msimu wake halisi upo kwenye zile 26 nyingine, zenye pointi 78 ndani yake. Chukua mechi 13 za nyumbani zilizobaki: shinda saba, toa sare nne, una pointi 25. Ugenini katika 13, shinda moja na utoe sare sita, unaongeza tisa. Jumla 34, na kwa ligi ya timu 16 idadi hiyo mara nyingi inakuweka juu ya mstari wa mchujo. Hesabu hii haimfurahishi mtu jukwaani, ila ndiyo inayolipa.

Kwa nini zile nne ziliharibika kiasi kile? Timu inayokaba chini, mistari miwili ya wanne wanne, inaweza kuvumilia hata saa nzima mradi ubao usome 0-0. Ndicho kilichotokea mechi ya kwanza na Simba, ikaamuliwa kwa penalti. Bao likiingia mapema, timu inalazimika kupanda. Mabeki wa kati wanabaki walipo kwa kuogopa kasi ya washambuliaji, viungo wanatangulia, na kati yao linafunguka pengo la mita 20 ambalo wapigaji pasi wa Simba na Yanga hawalikosi. Hapo beki wa pembeni akipoteza mpira mmoja tu akiwa juu, ni kaunta, shambulizi la kushtukiza, na bao. Kocha wa msimu huo, Mecky Mexime, alicheza soka kama beki na hilo analijua. Kilichokosekana ni benchi: dakika ya 65 unahitaji kiungo mkabaji wa pili wa kiwango kilekile, na timu za aina hii huwa naye mmoja.

Hizo 6-0 nazo zina tarehe. Februari 10, 2025, basi la timu lilipata ajali mkoani Lindi likitoka Ruangwa kucheza na Namungo. Wachezaji waliumia, na mechi ya Simba ikasogezwa hadi Machi 14. Mwezi mmoja unaponya jeraha la mguu. Si lazima urudishe kasi ya mechi wala utulivu wa kichwa. Wanaoitaja ile sita bila kuitaja ile ajali hawawatendei haki vijana wale.

Upande wa Singida una hoja nzito, na si fedha tu. Walipomchukua mshambuliaji Jonathan Sowah dirisha dogo la usajili la Januari walijua wanachokosa: mtu wa kumalizia. Akawapa mabao 13 kwa nusu msimu. Huo ni usajili uliofanywa kwa akili, na Dodoma Jiji haijawahi kuwa na uwezo wa kuufanya. Msimu uliofuata walifika makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika, jambo kubwa kwa Kanda ya Kati nzima.

Lakini tazama gharama yake. Msimu mmoja, kiti cha kocha kilipita kwa Aussems, kwa Miloud aliyechukuliwa na Yanga Februari, hadi kwa Ouma. Sowah naye alikwenda Simba 2025. Timu yenyewe ni ileile Ihefu ya Mbarali iliyohamishwa na kubadilishwa jina. Watu wa Mbarali hawana timu tena Ligi Kuu. Kabla yake ilikuwepo Singida Big Stars, ya nne msimu wa 2022/23. Leo inaitwa Fountain Gate, ipo Babati, na 2024/25 iliishia kwenye mchujo. Kabla ya hiyo, Singida United ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho ya 2018 dhidi ya Mtibwa, na miaka miwili baadaye ikashuka. Ndani ya muda mfupi, shabiki wa Singida ameombwa kupenda timu tatu tofauti. Wa Dodoma ana moja, Jamhuri ileile.

Wapo wanaohoji fedha ya jiji kwenda kwenye mpira wakati kuna madarasa na maji ya kushughulikia. Hoja hiyo ni ya haki, na jibu lake ni hesabu za klabu kuwekwa wazi kila mwaka, ili diwani na mlipa kodi waone shilingi inaishia wapi. Mbeya City ilishuka 2023 na kurudi 2025, kwa hiyo kuwa timu ya halmashauri si kinga.

Kuna mambo mawili yasiyohitaji tajiri. La kwanza ni safari. Tangu treni ya SGR ianze 2024, Dar hadi Dodoma ni kama saa nne tu; timu ikitoka pwani au kusini ishukie Dar, ipande treni, basi lije tupu. Miguu inayokaa kwenye kiti cha basi usiku mzima haiwezi kufanya mazoezi ya maana kesho yake, na wiki ya mechi mbili inakuwa imepotea. La pili ni dirisha dogo: usajili uwe mmoja, wa kiungo mkabaji, badala ya washambuliaji watatu wa majaribio. Akipatikana huyo, mechi ya Yanga ikifika dakika ya 65 bila bao, kocha atakuwa na wa kumwinua.