Shilingi mbili na nusu za Mzee Birling

Vikundi vingi vya maigizo vikishika "An Inspector Calls", mchezo wa jukwaani wa J. B. Priestley, huanza kukosea kwa Arthur Birling, mwenye kiwanda ambaye jioni moja mkaguzi anaingia nyumbani kwake kuuliza juu ya kifo cha msichana, Eva Smith. Humtafutia mwigizaji mwenye sauti nzito, wakamvimbisha tumbo kwa mto, wakamwambia afoke. Dakika kumi hazijaisha ukumbi mzima umeshamchukia, na mtu ukishamchukia humsikilizi tena. Hapo mchezo umepata hasara, maana ubinafsi wa mzee huyu haumo kwenye sauti. Umo kwenye hesabu, na hesabu zenyewe anazisema kwa upole, mezani, chakula cha jioni kikiwa kimeshaliwa.

Tuzipige. Tupo mwaka 1912, mjini Brumley, mji wa kubuni wa viwanda huko Uingereza. Karibu miaka miwili nyuma wasichana wa kiwandani kwa Birling walikuwa wakipata wastani wa shilingi 22 na nusu kwa wiki. Wakaomba 25. Akakataa, wakagoma, mgomo haukufika mbali, wakarudi kwa ujira ule ule. Vinara wanne watano hivi hawakurudishwa, Eva Smith akiwa mmoja wao. Kilichogombaniwa ni shilingi mbili na nusu, kama asilimia 11 ya ujira.

Sasa rukia tendo la tatu. Inajulikana kwamba Eric, kijana wake mwenyewe, amechota pauni 50 ofisini kwa baba, kwa kwenda kukusanya madeni madogo ya wateja na kuyatia mfukoni. Pauni ya wakati ule ilikuwa shilingi 20, kwa hiyo ni shilingi 1,000. Zigawe kwa mbili na nusu: wiki 400. Alichochukua mtoto kingemlipa Eva nyongeza yake kwa zaidi ya miaka saba na nusu, na kampuni haikutikisika. Baba hata hakujua kama fedha zimetoka.

Mwongozaji aliyepiga hesabu hii hatamwacha Birling agonge meza anaposimulia mgomo. Aseme kama mtu anayetaja bei ya saruji dukani. Anaamini kwa moyo wake wote kwamba kazi yake ni kushusha gharama, na mkaguzi anapomuuliza kwa nini alikataa, anashindwa kuelewa kwamba swali kama hilo linaweza kuulizwa. Hapo mwigizaji anyamaze pumzi mbili, ashangae kikweli. Waigizaji wengi huparamia jibu haraka kwa hasira, na watazamaji wanakosa sehemu iliyo bora kuliko zote katika tendo la kwanza.

Kitu kingine kinachopotea akifanywa mkorofi ni ubaba wake. Kila anachofanya anakifanya kwa jina la familia. Anapompongeza Sheila kwa uchumba wake na Gerald Croft, anataja hapo hapo tumaini lake kwamba kampuni za Birling na Croft zitaacha kushindana na kufanya kazi pamoja, gharama zishuke na bei zipande. Mkulima wa Tandahimba au Newala, huku kwetu kusini mwa Tanzania, hahitaji mtu wa kumfafanulia. Wanunuzi wakipatana kabla ya mnada wa korosho, bei itakayosomwa anaijua kabla haijasomwa. Kinachotisha ni kwamba Birling anayasema hayo mbele ya binti yake, kwenye sherehe yake, na hana nia mbaya. Kwake hiyo ni dua ya ndoa.

Kuna kishawishi cha kumfanya Birling mnunuzi wa kangomba, yule anayenunua korosho za mkulima nje ya mfumo rasmi, mchezo ukihamishiwa huku kwetu. Sikubaliani nacho. Mnunuzi wa kangomba anaingia mwenyewe nyumbani kwa mkulima na bakuli lake, miezi ya njaa, na njaa hiyo anaiona kwa macho. Birling hana haja ya kuona. Anamkumbuka Eva baada tu ya kuonyeshwa picha. Kama ni lazima ahamishwe, awe mtu wa ofisini, mwenye ghala na makarani, ambaye majina ya watu anakutana nayo kwenye orodha ya malipo.

Eric anamwambia baba yake kwamba si baba wa kukimbiliwa na mtoto aliye matatizoni. Kwa Wamakonde, Wamwera na Wayao, watu ambao kwa jadi hufuata ukoo wa mama, mtazamaji atauliza: mjomba yuko wapi? Swali la haki kabisa. Katika nyumba ile mjomba hayupo. Baba ndiye mwenye nyumba, ndiye mwajiri wa mtoto, na huko mjini ni hakimu pia. Shauri lolote la Eric lingeishia kwa mtu mmoja, na mtu huyo, habari za wizi na mimba aliyompa Eva kijana wake zinapomfikia, anawaza kwanza kufunika na kuokoa cheo cha Sir anachokitarajia. Msiongeze mjomba kwenye tafsiri. Pengo lake lifanye kazi.

Hotuba ndefu ya tendo la kwanza watu huikata. Kusini isikatwe. Birling anasema Wajerumani hawataki vita, na kwamba Titanic, tani 46,800, haiwezi kuzama. Meli ilizama Aprili mwaka ule ule. Vita ikaja 1914, na Oktoba 1917 majeshi ya Waingereza na Wajerumani, wengi wao wakiwa askari Waafrika, yakachinjana Mahiwa, humu humu mkoani Lindi, kabla Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, hajavuka Ruvuma mwezi uliofuata. Ukumbi wa Lindi utaicheka hotuba ile bila kusaidiwa. Mwigizaji asikonyeze.

Taa zina sheria yake. Priestley anataka mwanga wa waridi, laini, mpaka mkaguzi anapofika. Kisha uwe wa kung'aa zaidi na mkali. Pasipo mashine ya kufifisha mwanga, fungeni swichi mbili: moja ya taa zenye karatasi ya rangi, moja ya taa nyeupe. Tumieni LED, maana karatasi ikikaa karibu na balbu ya moto huungua. Nyeupe iwashwe kwanza, ndipo ya rangi izimwe. Mkigeuza mpangilio kutakuwa na giza la nusu sekunde, na hapa kwetu ukumbi mzima utasema umeme umekatika. Kengele ya mlango nayo impige Birling katikati ya sentensi, anapowafundisha vijana kwamba mtu ajiangalie mwenyewe na walio wake. Mpiga kengele ashike nakala mkononi. Akisubiri nukta, amechelewa.

Na mwisho msiuongeze. Nimeona tafsiri zinazompa Birling toba baada ya simu ya mwisho, analia na kuomba radhi. Katika mchezo, wakiwa wameshabaini kwamba mkaguzi wa kwanza hakuwa polisi na kwamba hospitali hakuna msichana aliyekufa, anapokea tu taarifa: msichana amefariki akipelekwa hospitali, alikunywa dawa ya kuulia vijidudu, na mkaguzi wa polisi yuko njiani kuja kuuliza maswali. Anawaeleza wenzake, pazia linashuka. Kama kikundi kinaona lazima mtu atoe machozi, muachieni Sheila. Yeye ameanza kulia tangu tendo la kwanza.