Tatuu kazini: mwajiri anapima mchoro au anampima aliyechorwa?

Matangazo ya ajira ya Jeshi la Polisi Tanzania yana masharti ambayo vijana wengi wanayajua hata kabla tangazo halijatoka: uraia, umri, elimu, afya njema, rekodi safi na, pamoja na hayo, kutokuwa na alama yoyote ya kuchorwa mwilini. Matangazo ya Uhamiaji nayo yamewahi kuwa na sharti hilo hilo. Kijana aliyejichora jina la marehemu mama yake begani na mwingine aliyejichora bastola shingoni wanafungiwa mlango mmoja, bila mtu kuuliza kilichochorwa ni nini. Katika kampuni binafsi hali ni tofauti kidogo, kwa kuwa mara nyingi sharti hili halijaandikwa popote. Limo vichwani mwa wanaosaili, na kwa sababu hiyo ni gumu zaidi kulipinga.

Nimewahi kuliona likitumika. Nilikuwa mmoja wa watu wanne tuliosaili waombaji wa nafasi ya karani wa mapokezi katika ofisi moja jijini Dar es Salaam. Dada aliyejibu maswali vizuri kuliko wenzake wote alikuwa na tatuu ya ua kwenye kifundo cha mkono, ndogo kiasi cha kufunikwa na sarafu ya shilingi 200. Alipotoka, mwenzetu mmoja akasema huyu atatusumbua, wengine wakaguna kukubali, nami nikanyamaza. Hakuna aliyeeleza angesumbua kwa namna gani, na ukimya wangu wa siku ile unaniuma hadi leo. Wiki iliyotangulia, katibu muhtasi wetu alikuwa amerudi kutoka harusini Tanga akiwa na piko hadi viwikoni, na ofisi nzima ilimsifu kwa kupendeza.

Inaweza kujibiwa kwamba piko hufutika na tatuu haifutiki. Ni kweli, lakini mteja aliyesimama mbele ya kaunta hahesabu siku ambazo mchoro utadumu. Anachokiona ni mkono uliochorwa. Kinachotofautisha michoro hii miwili ni yale tunayoyahusisha nayo. Piko na hina tunazihusisha na harusi, Idi na heshima ya mwanamke anayejitunza. Tatuu, machoni pa wengi wetu, inahusishwa na bangi, jela, muziki wa usiku na mtoto aliyewashinda wazazi. Kwa hiyo mwajiri anayesema hapendi tatuu anatoa makisio kuhusu tabia ya mtu ambaye huenda hata hajamfahamu, na mjadala wote ungekuwa wa wazi zaidi kama tungekubali kwamba hicho ndicho kinachopimwa.

Hata hivyo, upande wa waajiri una hoja ambazo si haki kuzipuuza. Mtu wa mapokezi, mhudumu wa benki au mwalimu wa shule ya msingi hajiwakilishi mwenyewe peke yake saa za kazi, na mwenye biashara anayehudumia wazee na watu wa dini ana sababu ya kujiuliza watamwonaje. Imani hapa si jambo la pembeni. Kwa Waislamu kuna Hadithi zinazomlaani mwenye kuchora tatuu na mwenye kuchorwa, na Wakristo wengi husoma katazo la Walawi 19:28, mahali ambapo Biblia ya Kiswahili inataja chale pamoja na alama za mwilini. Mteja anayekwazwa na mchoro hajawa mtu mbaya kwa kukwazwa, na mwajiri anayezingatia hisia zake hajawa dhalimu.

Kwa vyombo vya ulinzi hoja ni nzito zaidi. Sare huvaliwa ili raia aione dola badala ya kumwona mtu binafsi, pamoja na mapenzi yake na chuki zake. Askari mwenye maneno ya kisiasa au alama ya kundi fulani mkononi anaivunja maana hiyo kabla hajafungua kinywa, na mpelelezi anayepaswa kupita bila kutambulika hahitaji alama ambayo mhalifu ataikumbuka mwaka mzima. Naikubali hoja hii. Ninachokikataa ni kuitandaza juu ya kila mchoro, ukiwemo ule ulio mgongoni chini ya shati ambao raia hatauona kamwe.

Hoja inayosikika sana, na ambayo nadhani imechunguzwa kidogo, ni ile inayosema kwamba kujichora si utamaduni wetu. Wamakonde wa Newala na wale wa ng'ambo ya Ruvuma, kwenye uwanda wa Mueda nchini Msumbiji, walichanjwa nembo usoni na mwilini, jeraha likasuguliwa masizi ili rangi ibaki ndani ya ngozi, na hiyo kwa namna ilivyofanywa ni tatuu kamili. Wanawake wa Kidatoga wana alama za mviringo kuzunguka macho. Kaskazini mwa Ethiopia wako akina mama Wakristo wenye msalaba uliochorwa kwenye paji la uso. Kilicho kigeni ni neno lenyewe, ambalo asili yake ni lugha za visiwa vya Pasifiki, wanakosema tatau, na lililoingia katika Kiingereza baada ya mabaharia wa James Cook kufika Tahiti mwaka 1769.

Wanaopinga wana jibu hapa, na ni jibu zuri kuliko linavyopewa nafasi. Nembo ya Mmakonde ilitolewa na jamii. Ilisema huyu ni wa nani na ametoka wapi, na mchanjwaji hakujichagulia. Tatuu ya leo huchaguliwa na mtu mmoja, mara nyingine kwa hamasa ya jioni moja, ili kusema yeye anataka kuwa nani. Ni vitu viwili tofauti, na mtetezi wa tatuu anayekimbilia nembo za mababu kujipatia uhalali anachanganya mambo. Lakini jibu hilo linaishia kuthibitisha kwamba mchoro wa kudumu haukuwahi kuwa aibu kwetu. Kinachotusumbua ni kijana kuamua mwenyewe, na sioni kama hilo ni jambo la kushughulikiwa na idara ya rasilimali watu.

Sheria haitoi msaada wa moja kwa moja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004, katika kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa misingi mingi, ikiwemo rangi, kabila, dini, jinsia, ujauzito, ulemavu na umri, lakini mwonekano wa mwili haumo. Kifungu hicho hicho kinamruhusu mwajiri kutofautisha watu pale ambapo sifa fulani inahitajika kwa asili ya kazi yenyewe. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakwenda mbali zaidi, kwa sababu Ibara ya 27 inataja utamaduni na hata mavazi miongoni mwa mambo ambayo mtu hapaswi kubaguliwa kwayo. Tatuu si vazi, lakini ni vigumu kueleza kwa nini kilemba kilindwe na alama ya ukoo iliyo kwenye ngozi isilindwe.

Nchi nyingine zimelazimika kulijibu swali hili kwa vitendo. Nchini New Zealand, ambako Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, wana michoro ya ukoo iitwayo moko, shirika la ndege la Air New Zealand liliondoa mwaka 2019 katazo la tatuu zinazoonekana, na mwaka uliofuata Nanaia Mahuta, mwenye moko kidevuni, akawa waziri wa mambo ya nje. Kwangu mimi mfano unaofundisha zaidi ni wa Jeshi la Nchi Kavu la Marekani, kwa kuwa jeshi haliwezi kushutumiwa kwa kudekeza vijana. Mwaka 2022 jeshi hilo liliruhusu mchoro mmoja kwenye kila kiganja usiozidi inchi 1, na mmoja nyuma ya shingo usiozidi inchi 2, huku likiendelea kukataza michoro ya usoni na ile yenye ubaguzi, matusi au itikadi kali. Anayeomba kujiunga anajua mahali, kipimo na maudhui yanayokatazwa.

Wengi hupendekeza njia ya kati: chora upendavyo, ila funika saa za kazi. Ni suluhisho la busara kwa karani wa ofisini, ingawa shati la mikono mirefu mwezi Februari pale Kariakoo si jambo dogo. Kwa muuguzi halifai, kwa kuwa mikono inapaswa kuoshwa vizuri kila baada ya mgonjwa, na hospitali za umma za Uingereza zinawataka wahudumu waache mikono wazi kuanzia kiwikoni kwenda chini wanapomhudumia mgonjwa. Mpishi naye ana shida hiyo hiyo. Hapo mwajiri analazimika kuchagua kati ya kuuvumilia mchoro na kumpoteza mtu mwenye ujuzi.

Vijana nao wanapaswa kuambiwa ukweli wote. Wino wa tatuu hukaa kwenye tabaka la ndani la ngozi, na kuuondoa kwa leza huhitaji vipindi vingi vyenye gharama. Ngozi nyeusi ina uwezekano mkubwa zaidi wa kuota makovu yanayovimba, na sindano isiyotakaswa inaweza kubeba homa ya ini. Kwa hali ya ajira ilivyo, anayechora shingo au kiganja akiwa na miaka 19 anafunga baadhi ya milango kabla hajajua kama angependa kuipita. Kumwambia hivyo ni kumtakia mema. Kumnyima kazi aliyoiweza, kwa sababu isiyotajwa, ni jambo jingine kabisa.

Kwa hiyo simtaki mwajiri aache kuweka masharti, ila ayaandike na ayatangaze kabla ya usaili: mchoro wa aina gani, sehemu gani ya mwili, na unazuia nini katika kazi husika. Jeshi la Polisi likitaja kwamba linakataza michoro inayoonekana mtu akiwa na sare, pamoja na ile yenye ujumbe wa kisiasa au wa uhalifu, litabaki na nidhamu yake yote na litampata yule kijana mwenye jina la mama yake begani. Ofisi tuliyoketi sisi wanne ingelazimika kuandika kwamba ua dogo kwenye kifundo cha mkono linamzuia mtu kupokea wageni, na sidhani kama kuna yeyote kati yetu angekubali kuweka saini yake chini ya sentensi hiyo.